Kanda Niliyoizika kwenye Mikorosho

Harufu ya salfa hakuna anayeisifia. Inakwangua koo, inatoa machozi, na ikiingia kwenye nguo haitoki mpaka nguo yenyewe ichakae. Mimi ikinifikia puani nasimama. Safari iliyopita nilipokwenda kijijini kwetu Chilangala, Newala, kumwona mama, nilishuka kwenye bodaboda asubuhi wapuliziaji wakiwa shambani, unga wa njano umetanda juu ya mikorosho, na badala ya kujifunika kitambaa kama mtu wa mjini, nilivuta pumzi kwa nguvu. Dereva akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nasikia muziki. Aliondoka haraka, hata kuaga hakuaga.

Sisi wa rika langu tuliikuta dunia ikiwa na foleni. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, na foleni ya kanga ambayo mama aliipanga tangu jogoo la kwanza akarudi na kipande cha khaki. Halafu wakubwa wakasema ruksa, na vitu vikaanza kupanda mlima kuja Newala: mitumba iliyofungwa marobota, sahani za plastiki, betri mpya zenye karatasi inayong'aa. Kabla ya hapo betri zilizokwisha tulizianika kwenye bati pamoja na muhogo, zipate nguvu za siku mbili tatu. Salfa nayo ilitufikia kipindi hichohicho, pamoja na mashine za kupulizia za kubeba mgongoni, kwa sababu mikorosho ilikuwa inaugua ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua. Siasa ya mambo hayo sikuijua. Nilichojua ni kwamba betri zimepatikana, na kwa hiyo Mjomba anaweza kupiga kanda yake.

Mjomba Ismaili alikuwa mdogo wake mama, na kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na sauti juu yangu na juu ya kaka yangu Bakari. Baba alikuwa mpagazi wa bandari kule Mtwara. Alikuja mara chache, na tulimpenda jinsi watoto wanavyompenda mgeni aliyebeba mkate. Mjomba yeye aliwahi kuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mwingereza pale Masasi, na mwalimu alipomaliza mkataba wake alimwachia redio kaseti na kanda moja. Ilikuwa kanda ya kwanza kabisa ya bendi moja ya vijana wa kwao, wale waliokuja na mtindo mpya wa vinanda vya umeme na ngoma zinazogonga sawasawa mwanzo hadi mwisho bila kuchoka. Hilo la kuwa ya kwanza Mjomba alilisema kwa kiburi.

"Hiki ndicho kifungua mimba chao," alikuwa akiwaambia watu. "Baadaye wametoa nyingine, sikatai. Lakini mtu anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Dada yangu huyu mnamwita Mama Bakari. Mmesikia anaitwa kwa huyu mwingine?"

Huyu mwingine ndiye mimi.

Kwa kuwa kanda ilikuwa moja, tuliijua yote, kwa mpangilio wake, hata ile mikwaruzo kati ya wimbo na wimbo. Kiingereza hakuna aliyekielewa. Cha Mjomba mwenyewe kilikuwa cha jikoni, kilianzia kwenye mayai kikaishia kwenye chai. Basi nyimbo tulizipa majina kufuatana na matumizi yake. Wimbo wa pili uliitwa wa kutwangia, maana wanawake wawili wakisimama kwenye kinu kimoja waliweza kuufuata bila michi kugongana. Wa nne ulikuwa wa mbuzi, kwa sababu kinanda chake kililia kama mbuzi aliyefungwa mbali na majani. Upande wa pili ulianza na kijana anayehema, nasi tukauita wa kupandisha maji. Maji yetu yalikuwa bondeni, na mama zetu walipofika juu na ndoo walihema hivyohivyo. Siku moja mama alitua ndoo yake, akausikiliza wimbo ule hadi mwisho, akasema, "Huyu naye kwao hakuna bomba." Alimhurumia kwa dhati.

Bakari alikuwa mtu wa wimbo wa kutwangia. Alikuwa na miaka kumi, mimi nina minane, na aliupiga kwenye debe, kwenye mlango, kwenye kichwa changu. Nilimchukia kila siku na nisingeweza kulala kama hajarudi nyumbani. Mwaka huo, baridi ilipoanza na ukungu ukawa unakaa kijijini mpaka saa nne, Mjomba akampeleka jando.

Kambi ya jando sisi tunaiita likumbi. Ilikuwa porini, mahali wanawake hawakanyagi, na chakula kilipelekwa na wanaume. Nyumbani tulibaki na miiko. Mama hakuchana nywele, hakupaka mafuta, hakula chumvi, na juu ya yote nyumba haikutakiwa kuwa na ugomvi, kwa sababu kidonda cha mtoto kinasikia mambo ya kwao. Ndivyo nilivyoambiwa, nami niliishika miiko kuliko walivyonifundisha. Nilitembea kwa vidole. Kuku aliyekula uji wangu nilimsamehe siku hiyohiyo.

Jambo lingine nililofundishwa lilihusu mapiko. Siku ya vijana kutoka jando, lipiko hutokea na kucheza: kichwa cha kuchongwa kwenye mti, nywele za kweli zimebandikwa, mwili umefunikwa nguo hadi kwenye vidole. Wanawake na watoto tunaambiwa kwamba yule si mtu. Ni marehemu aliyetoka shimoni, atacheza kisha atarudi shimoni. Tukimwona tunakimbia. Na mtoto wa kike akiijua siri yake kabla ya wakati, balaa halimwendei yeye, linamwendea ndugu yake aliye likumbini. Haya niliyaamini sawasawa na nilivyoamini kwamba ukipanda muhogo huvuni mahindi.

Mjomba alikuwa mpuliziaji wa salfa. Alitoka alfajiri majani yakiwa na umande, ili unga ushike, na kwenye saa tatu alirudi uso mzima wa njano. Unga uliishia shingoni pale alipofunga kitambaa. Chini ya mstari ule ngozi yake ilikuwa ileile ya siku zote, na mimi kila asubuhi nilimcheka kwa mstari huo.

"Shikamoo, Mjomba wa njano."

"Marahaba. Na nisalimie kwa adabu, natoka kuwatafutia watu korosho."

Asubuhi moja mama aliniambia nilichukue koti la Mjomba, la mitumba, nikalikung'ute nje kwani nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Nililikung'uta mara mbili tatu, na kutoka mfuko wa ndani ikadondoka karatasi ndogo iliyokunjwa. Ilikuwa karatasi ya ile kanda, ile inayokaa ndani ya kasha lake. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kuiona. Nikaikunjua.

Walikuwa vijana watano. Nyuso zao zilikuwa nyeupe, na si weupe wa Mzungu, ambao nilishauona kwa yule mwalimu wa Masasi, ni weupe wa unga. Macho yamezungushiwa wanja mzito, midomo myekundu, nywele zimesimama kama zimebandikwa. Hakuna aliyecheka. Walitazama moja kwa moja, kama kinyago kinavyotazama. Ndipo nikaona kwamba chini ya taya unga umeishia. Mstari ulikuwepo, uleule wa Mjomba, na chini yake shingo ya mtu, tena mmoja wao ana chunusi.

Nikaelewa yote mara moja, kama mtoto anavyoelewa, yaani vibaya. Hawa ni mapiko ya Ulaya. Ndiyo maana Mjomba anaificha karatasi hii. Na kama mapiko ya Ulaya yana mstari shingoni, basi na yetu yanao. Ndani ya lipiko kuna mtu. Nilikuwa nimeijua siri, mimi mtoto wa kike wa miaka minane, nimesimama uani na koti mkononi, na kaka yangu yuko likumbini.

Niliirudisha karatasi mfukoni, nikajiambia kwamba sikuona. Kama mambo yangeishia hapo labda ningejidanganya mpaka nikasahau. Lakini alasiri ileile Mjomba alirudi kutoka kupeleka chakula, akaketi kwenye kizingiti bila kuvua kofia.

"Mama Bakari," akasema, "mtoto anachemka."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Kidonda kimevimba. Tumemtuma mtu Newala akamwite daktari."

"Nani hapa nyumbani amevunja mwiko?" mama aliuliza. Alitazama mikono yake, kisha akanitazama mimi. Hakuwa ananishuku, alikuwa anatafuta tu mahali pa kutazama. Lakini mimi niliinamisha macho.

Kulipopambazuka, Mjomba alipokuwa shambani, nilifanya nililoamua. Hesabu yangu ilikuwa hivi: lipiko likimaliza kucheza linarudi shimoni, na likisharudi shimoni ni kama halijaonekana. Basi hawa hawajarudi, ndiyo maana kaka yangu anaumwa. Nilitoa kanda kwenye redio, nikatoa karatasi kwenye koti, nikavifunga pamoja kwenye kipande cha kanga, nikaenda navyo nyuma ya nyumba kwenye mikorosho. Nikachimba kwa kifuu mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Niliwalaza kuelekea kibla, maana dini yao sikuijua na sikutaka kukosea. Nikawasomea yale niliyoyakumbuka kutoka madrasa, ambayo hayakuwa mengi, nikawaomba radhi kwa kuwaona. Nikafukia na kutandaza majani juu. Nilirudi nyumbani nimetulia kabisa.

Saa nane Mjomba alikuja mbio, jambo ambalo hakulizoea. Hakunyoosha hata mkono kupokea maji ya kunywa.

"Bakari anaomba kanda," alimwambia mama. "Homa imempanda, anaweweseka, anautaja wimbo wa kutwangia. Nimezungumza na msimamizi wa likumbi, amekubali nipeleke redio. Daktari atachelewa, baiskeli imepata pancha njiani. Angalau mtoto apate kitu cha kushika."

Akafungua redio. Akaifunga, akaifungua tena. Akanyanyua mkeka, akapekua koti, akachungulia chini ya kitanda, akamwaga hata kapu la mihogo. Halafu akanigeukia mimi, kwa upole, na upole ule ndio uliokuwa mbaya.

"Mwanangu, hukuiona kanda?"

Nikatikisa kichwa. Leo nikilikumbuka lile tikiso la kichwa bado naona aibu. Nilikuwa nimebanwa pande zote mbili. Nikisema, siri inajulikana na kaka yangu anakufa. Nisiposema, kaka yangu anaomba kitu kimoja tu duniani na mimi nimekizika. Mjomba alitoka kwenda kuuliza kwa majirani. Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Nilisimama mlangoni mpaka moshi ukanipa kisingizio cha machozi, kisha nikamwambia yote, nikianza na mwisho, nikaishia na koti.

"Uliona nini kwenye hiyo karatasi?" akauliza.

"Mstari. Ndani ya lipiko kuna mtu, mama. Mimi ndiye niliyemuua Bakari."

Mama akaketi chini, taratibu, na kujifunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia, na nikajua kwamba ameshakubali. Alipoondoa mikono nikaona anacheka. Alikuwa na majivu shavuni, nywele hajazichana wiki tatu, mtoto wake anachemka porini, na alikuwa anacheka mpaka amejishika ubavu.

"Nikuulize," akasema alipopata pumzi. "Mwaka ule baba yako alipokuwa bado anakaa hapa, lipiko lilitoka linaburuta mguu wa kushoto. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nani hapa Chilangala alikuwa anaburuta mguu wa kushoto?"

Nilifikiri. "Baba."

"Mguu ule nimeutoa miiba. Nimeukanda kwa maji ya moto. Leo ufunikwe nguo nisiujue?"

"Sasa mbona ulikimbia? Ulipiga kelele mpaka kanga ikakudondoka."

"Ningefanyaje? Mtu kajizoeza miezi mizima. Kajifunika magunia kwenye jua la saa saba. Anataka kutisha. Mimi mkewe nisimame pale nimekunja mikono, atakwenda wapi na aibu ile?" Akanivuta karibu, akashusha sauti. "Wanawake wote tunajua. Hiyo ndiyo siri yetu sisi. Wao wana siri ya lipiko, na sisi tuna siri ya kwamba tunajua. Ungeambiwa ukikua. Wewe umetangulia tu."

"Na Bakari?"

Kicheko kikamwisha. "Bakari ana kidonda, na kidonda kimeingia usaha. Usaha hautoki kwenye karatasi, mwanangu. Haya, niambie umewazika wapi hao watoto wa watu."

Alisema hivyo, kwamba usaha hautoki kwenye karatasi, mama yuleyule ambaye hakuwa ameonja chumvi tangu mtoto alipoondoka. Na jioni ile pia hakuonja. Nimekua nikiwasikia watu wakigombana kama mila ni kweli au ni uongo, na kila mara namkumbuka yeye, aliyejua vizuri sana na akashika vizuri sana, na hakuona haja ya kuchagua.

Tulifukua pamoja. Mchwa walikuwa wameshaanza. Walikula pembe ya karatasi na kijana mmoja wakammaliza kuanzia kidevu kwenda juu, akabaki shingo. Kanda yenyewe ilikuwa nzima, ila mchanga ulikuwa umeingia kwenye magurudumu na utepe umetoka nje na kujisokota. Mjomba alipotukuta uani mama alikuwa ameishika mkononi.

"Niliitoa mimi," alimwambia. "Nilikuwa nasafisha redio. Ikaniponyoka kwenye mchanga."

Mjomba aliitazama kanda. Akaitazama karatasi iliyoliwa na kile kipande cha kanga chenye mafundo ya kitoto. Akanitazama mimi niliyejaa udongo mpaka kwenye kiwiko. Kama kulikuwa na siku ambayo angekuwa na haki ya kupiga kelele ni siku ile. Lakini mtoto alikuwa likumbini, na nyumba yenye mtoto likumbini haigombani.

"Sawa, dada," akasema.

Aliketi palepale. Alifungua zile skrubu ndogo kwa ncha ya kisu, akautoa utepe, akaufuta kwa shati lake, kipande kwa kipande, huku akiuzungusha kwa kalamu. Sehemu iliyosokotana zaidi aliikata, akaunganisha ncha kwa selotepu aliyoniagiza niiombe kwa mwalimu wa shule yetu. Nilirudi nayo kwa mbio ambazo sijawahi kukimbia tena. Alipojaribu kuipiga, wimbo wa kutwangia ulifika katikati, pale yule kijana anapokusanya pumzi apandishe sauti, ukaruka. Ukadaka maneno ya mbele na kuendelea.

"Itatosha," alisema Mjomba, akaipakata redio na kuondoka.

Mengine nimesimuliwa na Bakari mwenyewe, baadaye sana, yale ambayo mwanamume anaruhusiwa kumsimulia dada yake. Alikuwa amelala kwenye majani, hajui kama ni asubuhi au jioni, akasikia ngoma zile zisizochoka. Akaanza kuhesabu nyimbo. Alijiambia atavumilia mpaka wa mbuzi, halafu mpaka wa kupandisha maji, kisha upande ukageuzwa na akaanza upya. Daktari alifika wakiwa wamegeuza kanda mara ya tatu. Alimchoma sindano, akarudi kesho yake na keshokutwa yake, na siku ya nne Bakari aliomba ugali.

Najua ni sindano iliyomponya. Sina ubishi na sindano, na yule daktari aliyesukuma baiskeli yenye pancha kupanda mlima wa Newala namwombea kila nikimkumbuka. Lakini shukrani haina mlango mmoja. Mwanangu alipoipata kanda ile yote kwenye simu yake, miaka mingi baadaye, alinipigia wimbo wa kutwangia nami nikamwambia umekosewa, kuna maneno yameongezwa. Alinionyesha picha za wale vijana walivyo sasa. Wamezeeka, wamenenepa, wanja hawapaki tena. Hawajui kwamba waliwahi kuzikwa Chilangala na kufukuliwa, wala kwamba mtoto mmoja aliivuka homa yake kwa kushika nyimbo zao mojamoja. Kifungua mimba chao kilituvusha mahali pabaya. Nimewashukuru kwa Kimakonde, maana ndiko shukrani yangu ilikoanzia.

Nimemshukuru na Mjomba, kwa maneno, kabla hajatutoka. Hakuwahi kuniuliza habari ya kaburi lile hata mara moja. Mimi ndiye niliyemuuliza kwa nini aliificha karatasi. Alikohoa, akatazama pembeni. "Wanja," akasema. "Wanaume watano wamepaka wanja. Mashemeji zangu wangenitania mpaka nihame." Nilicheka sana, naye akacheka.

Ila siku ninayoirudia zaidi ni ya vijana kutoka jando. Walikuja wamenyolewa, wamevaa nguo mpya, wamekonda, wamejawa na mambo wanayoyajua. Bakari alikuwa wa tatu kwenye mstari. Alikuwa anatembea polepole lakini alikuwa anatembea, na mama, aliyekuwa amepaka mafuta kwa mara ya kwanza tangu mtoto aondoke, alinishika mkono akanibana mpaka vidole vikaniuma. Redio ya Mjomba iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mjomba mwenyewe sikumwona popote. Wimbo wa kutwangia ulipoanza, lipiko likatokea kwenye mikorosho.

Lilicheza vizuri ajabu. Lilitikisa mabega kwa ngoma zile za Kiingereza kana kwamba zilitungwa kwetu, na pale wimbo uliporuka lenyewe halikukosea, liliruka pamoja nao. Watu walishangilia. Miguu yake ilikuwa pale mbele yangu, ningeweza kuitazama. Sikuitazama. Lilipotugeukia, mama akapiga ukelele na kunivuta, nami nikakimbia, nikapiga kelele kuliko watoto wote, nikapoteza ndala moja, na sikuirudia.

Jioni Bakari alinikuta uani. Alikuwa na sauti mpya na alisimama kwa namna mpya, mikono nyuma. Alinitazama kwa huruma ya mtu anayejua jambo asiloweza kumwambia mwenzake.

"Leo uliogopa?" akaniuliza.

Niliitazama shingo yake nyembamba ndani ya kola mpya, na miguu yake iliyomrudisha nyumbani.

"Niliogopa sana, kaka," nikamwambia, na sikumdanganya hata kidogo.